Damu ina mwenyewe

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma Jumatano usiku, nikaona simu haitatosha, heri niandike.

Unauliza, sasa umemaliza mwaka wako wa udaktari tarajali, uingie Muhimbili kusomea ubingwa wa watoto miaka 3, au uchukue ile nafasi ya utafiti wa sikoseli, huu ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu kujikunja kama mundu. Baba yako anasema ubingwa, maana bingwa hakosi kazi. Mimi kila nikilishika swali lako linanirudisha kwenye kile kioo.

Unakijua. Tone la damu, tone la sodiamu metabaisalfaiti ya kunyonya oksijeni, unafunika, unaziba pembeni kwa mafuta ya mgando hewa isiingie, unaacha, kisha unarudi kwenye darubini. Miaka 26 maabara nimewapima hivyo watoto wa watu, na mkono haukuwahi kunitetemeka ila siku ya damu ya kaka yako. Chembe zilikuwa zimejikunja, ncha huku na ncha huku, mundu mtupu wa kukatia mpunga. Nikachukua kioo kingine, nikarudia. Zikawa vilevile.

Hilo nilishalimeza. Lisilopita kooni ni la wale watafiti waliokuja hospitali yetu mwaka ambao kaka yako alianza darasa la pili. Walitaka watoto wenye sikoseli. Nani awaombe akina mama? Mimi wa maabara, mama mwenzao. Nilipita nyumba kwa nyumba nikisema majibu yatarudi, kwa kuwa nami niliahidiwa hivyo. Kaka yako nilimshika mkono mwenyewe. Alikuwa namba 47. Akaniuliza, "Mama, damu yangu wataileta tena?" Nikamwambia wataleta majibu.

Walijaza vichupa, wakapanda gari. Nikaandika barua 3, kimya. Yule mama jirani wa fundi baiskeli kila tukikutana sokoni alikuwa ananiuliza, "Dada, yale majibu vipi?" Hakuuliza kwa ubaya, ndiyo maana iliniuma zaidi. Nikaanza kununua nazi upande wa pili wa soko. Mpaka kaka yako anatutoka, hakuna karatasi iliyorudi.

Damu ina mwenyewe. Najua mmeichoka kauli hii hapo nyumbani, lakini mimi sijaichoka.

Tena nisiwe mwizi wa fadhila. Bila utafiti tungekuwa wapi? Kila mwaka nchini kwetu wanazaliwa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu. Muhimbili walipoanza mwaka 2004 kuwaandikisha wagonjwa wa sikoseli, kina Profesa Julie Makani, waliwafuatilia kliniki: mtoto anakuja, anapimwa, anatibiwa, anapewa tarehe ya kurudi, na kila kitu kinaandikwa. Hapo utafiti unaishia wapi na tiba inaanzia wapi? Mimi siioni mipaka. Leo watoto wanapewa haidroksiyurea, dawa ya kupunguza makali ya sikoseli. Kaka yako hakukimeza hata kidonge kimoja. Kwa hiyo nikisema watafiti wote ni wale wa gari lile, nitakuwa nimewadhulumu watu. Na huo ubingwa nao una tasnifu yake. Hutavaa koti la bingwa bila kumwomba mtu akubali kuingia kwenye utafiti wako.

Unakumbuka ulivyonisimulia habari za Chicago? Mwaka 1904, daktari tarajali kama wewe, Ernest Irons, akaitazama damu ya kijana wa Grenada aliyekuwa anasomea udaktari wa meno, akaziona zile mundu. Mkubwa wake, James Herrick, akayaandika mwaka 1910 kwa jina lake peke yake. Wewe ulimsikitikia Irons, tarajali mwenzako. Mimi nilimwuliza mgonjwa aliitwa nani. Ukatafuta ukaniambia: Walter Clement Noel, alirudi kwao akawa daktari wa meno, akafariki 1916. Nikafurahi mno siku ile, mwanangu, sijui kama ulitambua. Ulikwenda kumtafuta mwenye damu.

Neno langu kuhusu uende wapi ninalo, liko ncha ya ulimi. Lakini baba yako ameshasema lake, nami nikisema langu utajikuta unachagua mzazi badala ya kazi. Ingawa ningekuwa na umri wako, na ile nafasi imekuja yenyewe... Hapana. Nimesema sisemi.

Ila ukiichukua, kabla hujasaini waulize majibu ya kila mtoto yatarudi kwa nani, lini, na nauli ya kuyapeleka kijijini iko kwenye bajeti ya nani. Wakujibu kwa Kiswahili, kama vile wanamjibu mama aliyembeba mtoto.

Kadi ya namba 47 bado iko kwenye kopo la biskuti, pamoja na kadi yake ya kliniki. Ukija mwisho wa mwezi nitakupa ukae nayo.

Mama yako