Stimu zimekata? Usimeze kingine juu yake

Mkuu, hiyo nusu ya kidonge itupe chooni kwanza, ndipo uendelee kusoma. Umesema ulimeza ekstasi Jumamosi, leo Jumanne unalia bila sababu, na unataka nusu iliyobaki ikuinue uende kazini. Mimi nilifanya hivyohivyo, tena siku hiyohiyo ya tatu.

Raha ya Jumamosi ilikuwa serotonini yako mwenyewe, kemikali ya ubongo inayosaidia kuinua hisia. MDMA, yaani hiyo ekstasi, huingia kwenye neva na kuugeuza mlango unaorudisha serotonini ndani, ukaanza kuimwaga nje. Wakati huohuo hukizima kimeng'enya kinachotengeneza serotonini mpya. Ghala limekombwa na kiwanda kimefungwa, halafu hukulala wala hukula. Huzuni inayokuja siku ya pili hadi ya nne inadhaniwa hutoka huko. Hujarukwa na akili.

Sasa ukimeza tena, utamwaga nini? Mimi niliambulia moyo kwenda mbio, taya kukaza na jasho. Furaha haikuja hata chembe, nikaona dozi ni ndogo, nikaongeza kidonge kizima. Hapo ndipo nilipojimaliza. Ini huisafisha MDMA kwa kimeng'enya kiitwacho CYP2D6, na MDMA hukifunga hichohicho. Huchukua siku kadhaa kurudi sawasawa. Kwa hiyo dozi unayoongeza juu yake hurundikana kwenye damu kuliko hesabu ya vidonge ulivyomeza. Kichwa kikaanza kupasuka, jamaa akanipa tramadoli, dawa kali ya maumivu. Tramadoli, mkuu! Nayo huizuia serotonini isirudi ndani ya neva. Usiku ule miguu ilijirusharusha yenyewe, misuli ikawa kama ubao, homa ikapanda, sikujua niko chumba gani. Sumu ya serotonini, yaani serotonini kurundikana kupita kiasi nje ya neva. Siku nne hospitali, na saa mbili za mwanzo nilimficha daktari nilichomeza kwa aibu.

Jamaa huyohuyo ndiye aliyeniambia "dawa ya moto ni moto". Hasira yangu kwake haijaisha. Aliongea kwa uhakika wa mganga mkuu, na hata karatasi iliyo ndani ya boksi la tramadoli hakuwahi kuikunjua. Nawe umeandika kwamba "mshkaji mzoefu" amekushauri. Mzoefu wa nini? Ubongo ni wako.

Usiongeze kitu juu ya arosto. Si nusu, si robo, si pombe, si tramadoli, si vidonge vya mtu mwingine. Kama daktari alikuandikia dawa ya sonona, muulize yeye. Usiiache wala usiizidishe mwenyewe. Kwa wengi hali hii hupungua ndani ya siku chache, nawe siku tatu umeshazimaliza.

Ukianza kutetemeka, misuli kukaza, homa au kuchanganyikiwa, nenda hospitali usiku huohuo na utaje kila ulichomeza. Mawazo ya kujidhuru yakikujia, mwite mtu aje akae nawe, usiyasubiri yapite. Na ukishaitupa hiyo nusu, rudi hapa uniambie.