Jibu: Ule nini utando wa mfuko wa uzazi ukiwa mnene

Habari za leo, dada. Umeeleza kwamba ultrasaundi imeonyesha utando wa ndani wa mfuko wako wa uzazi una milimita 15, na unauliza ule nini ili upungue.

Angalia kwanza kipimo kilifanyika siku ya ngapi ya mzunguko, kwa sababu kwa mwanamke anayepata hedhi utando huo unaweza kufikia unene huo siku chache kabla ya damu kutoka bila kuwa ugonjwa. Lakini aliyekoma hedhi akatokwa na damu, hata matone, amwone daktari wa wanawake bila kuchelewa, na huenda akachukuliwa kipande kidogo cha utando huo kikapimwe.

Hakuna chakula kinachoyeyusha utando huo, wauza dawa za asili waseme watakavyo. Mara nyingi chanzo ni homoni ya estrojeni, inayokuza utando huo, kukosa homoni nyingine, projesteroni, ya kuisawazisha, na mafuta ya mwili huongeza estrojeni hiyo. Ndiyo maana mimi, niliyekuwa na tatizo hili pamoja na uzito mkubwa, nilishauriwa kuacha soda, kupunguza maandazi na chipsi, na kula dona kwa kiasi, maharage, samaki na mboga za majani, huku nikiendelea kumeza vidonge vya projesteroni nilivyoandikiwa.

Ikiwa unatokwa na damu nyingi, pima pia wingi wa damu. Kula dagaa, maini na mchicha pamoja na chungwa au ndimu, na chai uinywe saa moja au mbili baada ya mlo, kwani hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma.