Maswali yenu: shule za Kikristo za mtindo wa kale

Tunaishi Texas. Jirani ametushauri kumpeleka binti yetu kwenye shule ya Kikristo ya mtindo huu. Wanafundisha nini hasa?

Nguzo ni tatu: sarufi, mantiki na balagha. Mtoto ajue lugha ilivyojengeka, kisha aweze kupambanua hoja nzima na hoja mbovu, hatimaye aseme na kuandika akaeleweka na kukubalika. Zamani yalifuata mengine manne: hesabu, jiometri, muziki na elimu ya nyota. Shule za leo huchanganya humo Biblia, historia na Kilatini.

Kweli Wakristo wa kale walisoma hivyo?

Nusu ni kweli. Masomo hayo saba ni ya kale. Mwalimu Alcuin wa York aliyafundisha kwenye jumba la mfalme Charlemagne tangu miaka ya 780. Lakini ule mpango wa kugawa umri, mdogo akariri, wa miaka 12 abishane, kijana ajieleze, haukutoka kwa Alcuin. Aliutoa Dorothy Sayers, mwandishi wa riwaya za upelelezi, katika mhadhara wake Oxford mwaka 1947. Mmarekani Douglas Wilson akauchukua, na Logos School ikafunguliwa mjini Moscow, Idaho, mwaka 1981. Mkuu wa shule akikwambia mpango huo una miaka elfu, itikia kwa adabu. Mimi naupenda hata bila uzee wa kubandikwa.

Shule ya Kikristo inasomesha washairi wa kale Homer na Virgil, watu wa miungu mingi. Inakuwaje?

Ugomvi huo ulianza zamani sana. Tertullian, mwandishi Mkristo wa kale, aliuliza Athene na Yerusalemu zina uhusiano gani, yaani elimu ya Wayunani na imani. Askofu Augustino alijibu kwa kisa cha Kutoka 12: Waisraeli waliondoka Misri na dhahabu ya Wamisri, basi na Mkristo achukue elimu ya wapagani aitumie kwa Mungu. Askofu Basili Mkuu aliwashauri vijana wawe kama nyuki, wasitue kila ua. Paulo naye, Matendo 17, aliwanukuu washairi wa Kiyunani mbele ya Waathene. Ila mimi huvutiwa zaidi na mwaka 362. Kaisari Julian wa Roma, aliyeuacha Ukristo, aliwapiga marufuku walimu Wakristo kufundisha vitabu hivyo. Mwanateolojia Gregori wa Nazianzo alimjia juu kwa maandishi makali, maana alijua wananyang'anywa nini.

Mwanangu wa miaka 7 anakariri tarehe na vitenzi vya Kilatini kutwa. Si ukasuku huu?

Ndiyo, na Sayers mwenyewe aliiita hatua ya kasuku, bila haya. Watoto wadogo hufurahia kukariri. Waliokulia karibu na madrasa au shule ya Jumapili wanalijua hilo. Kazi iko mbele. Mtoto akishafundishwa mantiki ataleta ubishi mezani, na siku moja ataihoji imani yenu. Kabla ya kulipa ada, waulize walimu humfanya nini mwenye miaka 13 akiuliza swali gumu juu ya Mungu. Wakisema humtuliza, tafuteni shule nyingine. Mtoto hasahau alivyotendewa shuleni: Augustino alikumbuka hadi utu uzima jinsi alivyoomba Mungu asichapwe shuleni.

Mimi sijui Kilatini hata neno. Nitamsaidiaje?

Mwambie akufundishe wewe kila jioni. Nawe mfundishe ngeli za Kiswahili. Sarufi hiyo mnayo nyumbani bure.