Mwanangu, lile neno la kwenye kadi

Mpwapwa, Jumapili jioni

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeurudia mara tatu. Unasema bosi wako Mwingereza amewaletea kadi ya pole ya mtoto, na ndani ameandika kwamba yeye na mkewe wanaifikiria "anguish" mliyo nayo. Ukaniuliza: Mama, hayo ni maumivu tu au kuna zaidi? Na nimjibu vipi?

Nimefundisha Kiingereza miaka 31, na neno hilo niliwaandikia wanafunzi ubaoni hivi: maumivu makali. Nilikosea. Maumivu yametoka kwenye kuuma. Jino linauma, kidonda kinauma, na likizidi hilo jino Mwingereza atasema yumo katika "agony". Lakini "anguish" siku hizi ni nadra kuisikia kwenye jino. Hiyo ni ya moyo. Ni ya mama ambaye mwanawe hajulikani alipo, ni ya baba aliyesimama nje ya mlango wa wodi usiku, mwili wake mzima kabisa, hana hata homa.

Waingereza walilipata kutoka Kifaransa cha kale, zaidi ya miaka 700 iliyopita, na Wafaransa walilirithi kutoka Kilatini, angustia. Angustia ni wembamba. Ni mahali pafinyu, njia iliyosonga, mtu akapita kwa ubavu. Nyuma yake kuna kitenzi angere, kubana, kukaba koo. Hata Wajerumani wana eng, yaani finyu, na Angst, hofu, na yote ni ya ukoo huohuo.

Sasa sikia hili, baba, maana ndilo lililonifanya nikae kuandika badala ya kukupigia simu. Sisi tuna dhiki. Tumelizoea kwa umaskini, tunasema fulani anaishi kwa dhiki, tukimaanisha hana hela. Lakini dhiki tumeipata kwa Waarabu, na kwao maana yake ya asili ni wembamba, kubanwa, kukosa nafasi. Watu wa Roma na watu wa Uarabuni, kila mmoja kivyake, walipotafuta jina la hali hii waliona kitu kilekile: kuta zinasogea. Kwa hiyo ukitaka kunielewa, usiandike maumivu. Andika dhiki ya moyo.

Tuna na uchungu, neno zuri pia, na mkeo ameuonja wa aina mbili ndani ya wiki moja, ule wa kuzaa na ule wa kuzika. Siwezi kuliandika hilo bila kuweka kalamu chini.

Bibi yangu mzaa mama aliiona Mtunya akiwa mtoto. Ndivyo Wagogo walivyoiita njaa ya 1917 hadi 1920, majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalipochukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, halafu mvua ikakataa. Watu walikufa kwa maelfu mengi. Bibi alizika ndugu zake. Akifika hapo kwenye hadithi alikuwa anaweka mkono kooni, ananyamaza, na sisi wajukuu tunasubiri. Nilidhani ana kiu. Nilimwelewa 1983, nilipomzika kaka yako uliyemfuata, maana ilinishika palepale, kooni, na hewa ilikuwapo lakini haiingii.

Kuhusu matumizi: "anguish" haihesabiwi, kwa hiyo usiiongezee s ya wingi. Husemwa mtu yumo katika "anguish", au alitoa kilio cha "anguish". Mawakili nao huitumia wanapodai fidia ya mateso ya akili. Nalo ni zito, halitupwi ovyo. Mtu akikuandikia, ujue hakuchukua neno la karibu. Bosi wako alifikiri.

Kumjibu, usilirudishe neno hilo kwake. Mwenye dhiki hana haja ya kuitaja. Mshukuru kwa kadi, mwambie mmeisoma wawili, na kama mlimpa mtoto jina, liandike. Basi. Mistari mitatu inatosha.

Mkwe wangu mwambie sijampigia kwa sababu najua kila simu sasa inamtaka ajikaze. Asijikaze kwangu. Kazini wakikupa ruhusa, pandeni treni ya umeme mpaka Dodoma, halafu basi la huku, nitawapokea stendi. Chumba cha uani nimekifagia, madirisha yote mawili yako wazi, na mlango unaangalia milimani. Mkitaka kukaa kimya mwezi mzima, kaeni. Nafasi ipo.

Mama yako