Maswali na Majibu: Android ni huria kwa kiasi gani?

Google inanufaikaje kwa kutoa Android bure?

Google iliinunua kampuni ya Android mwaka 2005, ikihofu kwamba atakayeshika mfumo endeshi wa simu ndiye atakayeamua watu watatafutia wapi habari zao kwenye intaneti. Kwa kuutoa mfumo huo huria, yaani msimbo wake (maandishi ya programu yenyewe) ukiwa wazi kwa yeyote, chini ya leseni ya Apache, inayomruhusu mtengenezaji kuubadilisha bila kulazimika kuweka wazi alichobadilisha, iliwapa HTC, Samsung na wengineo kitu ambacho wangekijenga kwa gharama kubwa, nayo ikabaki na mapato ya matangazo. Aliyeumia ni Microsoft, aliyekuwa akiwauzia watengenezaji leseni ya mfumo wake, kwani muuzaji hawezi kushindana na mwenzake anayegawa.

Nokia nayo iliufungua Symbian, mfumo endeshi wa simu zake. Mbona haikusaidia?

Ilichelewa. Msimbo wa Symbian uliwekwa wazi Februari 2010, na Februari 2011 Nokia ikatangaza kuhamia Windows Phone, mfumo wa Microsoft.

Ikiwa msimbo uko wazi, kwa nini simu mpya za Huawei hazina Play Store?

Kwa sababu kilicho huria ni msingi wa Android tu. Play Store, Gmail, Ramani na huduma za Google ambazo programu nyingi huzitegemea ili kupokea taarifa au kujua mahali simu ilipo ni mali ya Google, na hupatikana kwa mkataba. Marekani ilipoiwekea Huawei vikwazo vya biashara mwezi Mei 2019, hakuna aliyeweza kuinyang'anya ule msingi, lakini huduma hizo zilikatwa kwa simu zake mpya, na mauzo yake nje ya China yakaporomoka. Nchini China kwenyewe, ambako wateja walikwisha kuzoea kuishi bila Google, pengo hilo halikuonekana sana.

Mikataba hiyo ilikuwa na makali mengine: mtengenezaji aliyetaka Play Store alizuiwa kuuza simu yoyote yenye toleo la Android lisiloidhinishwa na Google. Kwa masharti kama hayo, Tume ya Umoja wa Ulaya iliitoza Google faini ya euro bilioni 4.34 mwaka 2018, ambayo mahakama iliipunguza hadi bilioni 4.125 mwaka 2022. Kwa maoni yangu, anayetaka kuuelewa ushindani huu asiisome leseni pekee, asome mkataba.

Sisi wa Tecno na Infinix tunahusikaje?

Simu hizo, zote za kampuni ya Transsion, hutumia HiOS na XOS, ambazo ni mavazi yaliyovishwa Android, na kwa kuwa zinakuja na Play Store, mikataba hiyo inazihusu pia. Mfano unaonivutia zaidi ni wa Smart Kitochi ya Vodacom Tanzania: mfumo wake, KaiOS, ulitokana na Firefox OS, ambao muundaji wake, Mozilla, alikwisha kuutupa, na kwa kuwa msimbo wake ulikuwa huria, wengine waliuokota wakautia katika simu za vitufe.