Shangazi, mwanangu mchana hulala, usiku macho kodo

*Shangazi, shikamoo. Nina mtoto wa wiki tano, uzazi wa kwanza. Mchana analala fofofo, usiku anakesha mpaka alfajiri. Mume wangu anavua dagaa, anarudi asubuhi, kwa hiyo nafunga madirisha na pazia, redio siwashi, ili apate kulala. Mama mkwe anasema jioni nimpe mtoto uji mwepesi, au piriton nusu kijiko. Nimechoka, juzi nimeunguza maharage mara mbili. Nifanyeje? Mama Macho, Igombe.*

Marahaba mwanangu, na hongera ya uzazi.

Jibu umeliandika mwenyewe kwenye barua. Hapo kwako mchana ndio usiku! Pazia limeshuka, redio kimya, watu wananyata. Kichanga atajuaje kumekucha? Katoka tumboni, kwenye giza muda wote, na unakumbuka mateke ya usiku wa manane wakati wewe unatafuta usingizi. Mwanga wa mchana na giza la usiku ndivyo vinavyomfundisha, na wengi huanza kushika mpangilio huo wakifika miezi miwili hadi minne.

Bwana anahitaji giza, mtoto anahitaji mwanga. Basi watenganishe. Baba akishatoka ziwani na kula, mfungie chumba alale. Wewe na mtoto hamieni sebuleni, pazia juu. Asubuhi jua likiwa bado pole, kaa naye kibarazani mkiwaangalia wanaoanika dagaa. Mwongeleshe, mwimbie, redio iseme kwa sauti ya kawaida, jirani apige hodi. Mchana akipitiliza muda wa saa tatu bila kunyonya, mwamshe taratibu: mpunguze nguo, msugue nyayo, mpe ziwa.

Usiku geuza yote. Taa hafifu, hakuna mazungumzo, nepi badilisha ikiwa imechafuka au imelowa sana. Nyonyesha, mcheulishe, mlaze. Na simu weka mbali, maana nawajua nyie: mnanyonyesha huku mnapitia TikTok, mwanga wote unampiga mtoto usoni.

Ila usitegemee alale usiku kucha. Wa umri wake hulala jumla ya saa 14 hadi 17 kwa siku, lakini kwa vipande vya saa mbili au tatu, kwa sababu tumbo ni dogo na maziwa ya mama husagika upesi. Kuamka kunyonya si tabia mbaya. Tunachotaka ni kwamba akishashiba arudi kulala, asitafute mtu wa kucheza naye.

Kwa mama mkwe nitasema kwa adabu. Uji hapana, hata maji hapana, ni maziwa yako tu mpaka atimize miezi sita. Piriton ndiyo usiiguse kabisa. Hiyo ni dawa ya mzio, na kwa kichanga inaweza kuleta shida ya kupumua. Usibishane naye lakini. Siku ya kliniki nenda naye, muuguzi amweleze yeye. Nilimfanyia hivyo mama mkwe wangu, tukarudi akiwa yeye ndiye anayewahubiria majirani! Kisha mpe kazi ya kweli: kila asubuhi ukishanyonyesha, akae na mjukuu kwenye mwanga, wewe ulale saa mbili tatu.

Mlaze mtoto chali, kwenye godoro gumu kidogo, bila mto wala blanketi la kumfunika uso, na ndani ya neti yenye dawa. Mbu wa kandokando ya ziwa unawajua. Kinachonitia hofu zaidi ni uchovu wako. Usikubali kusinzia naye kwenye kochi, hapo ndipo watoto hubanwa wakakosa pumzi.

Akikataa kunyonya, akilegea asiamke, akipumua harakaharaka, au joto likifika nyuzi 37.5, hilo si suala la usingizi tena. Usingoje mtumbwi wa baba urudi. Panda bodaboda, nenda kituo cha afya saa hiyohiyo.

Wakati mzuri wa kuanza ni siku za mbalamwezi, bwana akiwa haendi ziwani. Mwambie usiku wa kwanza na wa pili kazi ya kumcheulisha na kumrudisha mtoto kulala ni yake. Kukesha amezoea.