Mita Mbili za Nini? Majibu kwa Wanaoulizia Mawimbi

Likizo ya Agosti imekaribia na Nairobi nzima inashuka pwani, kila mtu na programu ya mawimbi kwenye simu. Nimechagua maswali machache ya wanaotaka kuteleza kwa ubao juu ya mawimbi; anakotoka aliyeuliza nimekuweka kwenye mabano. Yale ya "leo bahari ikoje?" nimeyatupa. Mimi niko Ngara, na kutoka hapa hadi Mombasa ni kama kilomita 480 za barabara.

Programu yangu inaonyesha mawimbi ya mita 2 Malindi Jumamosi. Nikate tiketi ya treni ya SGR? (Umoja)

Mita 2 za nini? Swali hili huja kila msimu, na kila msimu anayeuliza amesoma tarakimu moja tu, ile kubwa yenye rangi. Chini yake kuna nyingine mbili zenye maandishi madogo, na hizo ndizo zenye habari. Ya kwanza ni sekunde zinazopita kati ya wimbi na wimbi. Ya pili ni upande mawimbi yanakotoka.

Mita 2 kwa sekunde 7 ni bahari iliyochafuliwa na upepo wa kusi wa jana na juzi. Mawimbi ni mafupi, yamesongamana, yanavunjika ovyo. Utapiga mikono mpaka mabega yawake moto na hutapata hata moja la maana. Mita 2 kwa sekunde 14 ni mambo mengine kabisa. Hayo yamezaliwa na dhoruba kubwa huko chini kabisa kusini mwa Bahari Hindi, yakasafiri siku kadhaa, yakajipanga njiani. Hesabu yake si ngumu: kwenye kilindi, chukua sekunde, zizidishe kwa zenyewe, kisha kwa 1.56, upate mita kutoka mgongo wa wimbi moja hadi wa jingine. Sekunde 7 zinatoa mita 76. Sekunde 14 zinatoa mita 306. Kimo ni kilekile, lakini nguvu inayofika ufukweni ni maradufu, na wimbi la aina ya pili likigusa kina kifupi huinuka kuliko ulivyotarajia.

Halafu kuna jambo ambalo watu hulijua wakiwa wameshapigwa. Ile mita 2 si kimo cha kila wimbi. Ni wastani wa theluthi ya mawimbi makubwa zaidi. Kaa majini muda wa kutosha na litakuja moja linalokaribia mita 4, na halitakuuliza programu yako ilisema nini.

Kwa hiyo rudi kwenye simu uangalie sekunde. Zikiwa chini ya 9, baki Umoja.

Msimu mzuri wa kuteleza ni upi? (South C)

Juni hadi Septemba, asubuhi na mapema kabla upepo haujakaza. Februari chukua miwani ya kuzamia, ubao uuache nyumbani.

Kati ya programu zote, ipi ni sahihi zaidi? Nimelipia moja na bado inanidanganya. (Ruaka)

Umelipia rangi na nyota. Programu nyingi zinachota kisima kimoja au viwili: hesabu za NOAA, shirika la Wamarekani la bahari na hali ya hewa, na za kile kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa kinachoitwa ECMWF. Hesabu zenyewe ni nzuri, na za bure zipo. Shida ni kwamba zinaigawa bahari katika miraba, mingine yenye upana wa zaidi ya kilomita 20, na kila mraba unapewa jibu moja. Mwamba wetu wa pwani uko mita mia kadhaa hadi kilomita 2 hivi kutoka mchangani. Mwamba, mlango wa kupitia mashua na ule ufuko unaoupenda vyote vimo ndani ya mraba mmoja, na mraba haujui kama kuna mlango. Namba unayoiona ni ya nje, kilindini. Yanayotokea ndani, programu inakisia.

Visiwa navyo vina lao. Pemba inakinga sehemu ya mawimbi yanayopanda kutoka kusini kwenda Diani, na Madagascar inakinga mengi kabla hata hayajafika Pemba. Ndiyo maana wimbi lililotangazwa kwa mbwembwe linaweza kufika Kwale limechoka, huku Malindi wakipata zaidi.

Hakikisha pia saa. Baadhi ya kurasa hutumia saa za kimataifa, na usipoongeza 3 utafika saa tatu kabla ya wakati, wengine wakiwa bado wamelala.

Ukitaka programu isiyokudanganya, nunua daftari la shilingi hamsini. Andika utabiri ulisema nini, kisha andika ulichokiona kwa macho yako, saa ngapi, maji yakiwa yamejaa au yamekupwa. Baada ya msimu mmoja wa kusi utajua programu yako inazidisha wapi na inapunguza wapi. Hakuna atakayekuuzia hilo.

Nimeona Jeffreys Bay ya Afrika Kusini kwenye runinga. Kwa nini wimbi linakwenda mbali hivyo bila kuvunjika lote kwa pamoja? Na Kenya tuna wimbi la rasi kama hilo? (Kileleshwa)

Hatimaye swali.

Wimbi huanza kuhisi sakafu ya bahari pale kina kinapokuwa nusu ya ule urefu tuliopiga hesabu hapo juu. Wimbi la sekunde 14 linaanza kuigusa sakafu kwenye kina cha mita 150 hivi, la sekunde 7 mpaka lifike mita 38. Likigusa linapunguza mwendo. Kwenye rasi, upande ulio karibu na miamba unagusa mapema na kuchelewa, upande wa nje unaendelea na mbio zake, na wimbi zima linajikunja kuifuata nchi kavu. Badala ya kuanguka lote mara moja, linavunjika kidogo kidogo kutoka kwenye ncha kwenda ndani ya ghuba, na anayeteleza anakimbia mbele ya povu.

Kule Afrika Kusini mawimbi yanatoka kusini-magharibi, yanaizunguka Cape St Francis na kuingia ghubani. Upepo wa kusini-magharibi unaokuja na dhoruba hizohizo, pale Jeffreys Bay unavuma kutoka nchi kavu, unaulainisha uso wa wimbi na kulishikilia lisianguke mapema. Ukigeuka wa mashariki, siku imeharibika. Mashindano makubwa huwekwa Julai kwa sababu hiyo: ndio moyo wa baridi yao, na dhoruba zinapangana.

Kutabiri wimbi la rasi kuna raha yake, maana mwamba hauhami kama mchanga. Ukishajua linataka mawimbi ya upande gani na sekunde ngapi, unaweza kuliona likija siku 4 au 5 kabla. Kundi la mawimbi ya sekunde 16 kwenye kilindi husafiri kama kilomita 45 kwa saa, zaidi ya kilomita 1,000 kwa siku, kwa hiyo dhoruba ikionekana kwenye ramani unahesabu siku kwa vidole. Ila rasi ina kiburi. Upande ukipinduka kidogo tu, mawimbi yanapita nje na rasi inabaki kama bwawa, huku programu ikikuonyesha mita 3.

Kenya wimbi la rasi la kulinganisha na lile hatuna, na anayekuambia analo anauza vyumba. Tuna mawimbi ya mwambani, na tuna ghuba ya Malindi, ambako mchanga na tope la mto Sabaki vimezuia matumbawe kufunga ufuko, mawimbi yakaingia hadi mchangani. Kwa anayejifunza, Malindi ni bora kuliko rasi yoyote. Ukianguka unaanguka mchangani.

Tofauti yetu na wao ambayo hakuna anayeniuliza ni maji kujaa na kupwa. Kwao tofauti ni kama mita 2 kwenye bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida. Kwetu inakaribia 4. Wimbi lilelile la nje, saa moja linavunjika kwenye ukingo wa matumbawe penye maji ya kukufika magotini, na saa tatu baadaye linapita juu ya mwamba bila kusema neno. Anayetazama utabiri wa mawimbi Kenya bila kutazama maji hajatazama chochote.

Na papa wa huko? (Kileleshwa, tena)

Wapo. Mwaka 2015 mtelezaji Mick Fanning wa Australia alivamiwa na papa katikati ya fainali, dunia nzima ikitazama, akatoka bila jeraha. Kitakachokupata wewe ni baridi. Maji ya Julai huko huwa ya nyuzi 16 au 17, na wewe umezoea 26. Nunua suti ya mpira. Viza huhitaji kwa siku 90, tangu Januari 2023.

Ziwa Naivasha kuna mawimbi? (Kikuyu)

Kuna viboko.

Tulikwenda Malindi Novemba, maji yalikuwa ya kahawia na yamejaa takataka. Kaunti inafanya nini? (Kasarani)

Kaunti ipi? Mto Nairobi unapita Dandora, unaingia Athi. Athi ukishuka unaitwa Galana, na ukikaribia bahari unaitwa Sabaki. Unamwaga kaskazini kidogo ya Malindi mjini. Mvua za vuli zikinyesha, tope la mashambani na chupa za Kasarani zinashuka pamoja, na upepo wa kaskazi ukianza kushika unalisukuma hilo tope kuelekea kusini, kwenye ghuba uliyokuwa unaogelea. Wakati wa kusi husukumwa kaskazini, ndiyo maana Agosti maji ni safi zaidi. Ulikutana na taka zako baada ya safari ndefu. Mvua kubwa ikinyesha, usiingie majini karibu na mdomo wa mto kwa siku kadhaa. Macho na masikio yatakushukuru.

Tulitembea kwenye mwamba Diani asubuhi, ghafla maji yakaja, tukarudi tukiwa tumebeba watoto mabegani. Mbona hakuna onyo? (Buruburu)

Hakuna "ghafla" hapo. Maji hayajawahi kuja ghafla tangu mwezi uumbwe. Halmashauri ya Bandari huchapisha jedwali la maji la mwaka mzima, saa na dakika ya kujaa na kupwa, na mvuvi yeyote wa Diani angewaambia bila jedwali.

Nitaandika mara hii tu, kateni kipande hiki mkibandike kwenye friji. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu. Siku hizo pwani yetu maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na kukupwa kati ya saa nne na saa tano, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata yanachelewa dakika 50 hivi. Kutoka kupwa hadi kujaa ni saa sita na dakika chache, na maji hayapandi kwa mwendo mmoja: saa mbili za katikati peke yake hupandisha nusu ya kimo chote. Kwenye bamvua hiyo ni zaidi ya mita moja na nusu. Watoto wenu wana kimo gani?

Ukitembea mwambani, geuka kurudi kabla maji hayajaanza kupanda. Njia ya kurudi mara nyingi ina mabonde, na mabonde hujaa kwanza, nyuma yako, wewe ukipiga picha za kiti cha pweza.

Kimbunga kikitangazwa, si ndiyo nafasi ya mawimbi makubwa? (Lang'ata)

Hapana. Kimbunga cha mbali, kwa mfano kando ya Mauritius na Réunion kati ya Januari na Machi, kinaweza kutuletea mawimbi yaliyopangika. Cha karibu kinaleta mabati ya watu. Hidaya, Mei 2024, ilitua pwani ya Tanzania karibu na Mafia, na Idara ya Hali ya Hewa ilitoa onyo mapema. Onyo kama hilo likitoka, ubao ufungwe stoo. Wanaokuja kukutoa majini ni wavuvi wenye watoto wao.

Wazee wa pwani wanajuaje bahari bila simu? (Rongai)

Wanajua upepo. Mzee akitazama mawingu asubuhi na kuuhisi umande, ule upepo wa alfajiri, unavyotoka bara, atakuambia kusi litakaza saa ngapi, tena atakuambia kwa mahali mlipo, si kwa mraba. Anajua mlango gani unavuta maji kwenda nje yakipwa, na hilo programu haitalijua hata ulipie ya dola.

Lakini tusimpambe kwa asiyonayo. Dhoruba iliyo kilomita 5,000 kusini mwa hapa haioni, na mawimbi ya sekunde 16 yanaweza kumfikia siku ya shwari bila upepo kumpa habari. Hapo simu inamshinda. Kwa hiyo angalia simu Nairobi ili ujue kama kuna kitu njiani, na ukifika ufukweni iweke mfukoni, umsalimie mzee kwa adabu. Shikamoo kwanza, maswali baadaye. Vijana wa Nairobi mna tabia ya kuanza na "boss, niaje, mawimbi yako?" kisha mnashangaa mnajibiwa "yako" na mtu anaendelea kushona wavu.

Nataka kuanza. Ninunue ubao wa aina gani? (Pipeline)

Mrefu, wa povu laini, futi 8 kwenda juu, na kamba ya mguu isiyo na mafundo. Usinunue, kodi kwanza. Na hujaniambia kama unajua kuogelea. Kama huwezi kwenda mita 200 mfululizo kwenye bwawa la Kasarani, usiniandikie tena kuhusu ubao.